Waliponiuliza Kama Nina Mtu

Bakari, mjukuu wangu, mume wangu mtoro,

Una miguu wewe, au umeiuza huko Moroni? Kutoka Ngazija kuja Nzwani si kwenda Makka. Kuku wanavuka. Mbuzi wanavuka, wanafika wamechafuka lakini wanafika. Magunia ya mchele yanavuka, na wewe mwenye akili na viatu unashindwa. Idi kubwa imepita, nikasema labda Maulidi. Maulidi yakaja, nikapika, nikakuwekea fungu lako, nikalifunika, nikalifunua, mwisho nikalila mwenyewe na hasira zangu juu yake.

Fundi wa chuo, mwalimu wa Kurani wa watoto wetu, ndiye anayeniandikia. Alitaka kuanza kwa salamu za Kiarabu, na baada ya salamu, na zaidi ya salamu. Nimemwambia, "Fundi, salamu hupewa aliyekuja. Huyu hajaja. Andika ninavyosema." Basi mwandiko ni wake, maneno ni yangu, hata yale anayoyakunjia uso. Mimi shule ya Wafaransa niliiona paa tu, nikipita na kikapu kichwani.

Na barua hii sikuifunga, kwa makusudi. Atakayeileta na aisome. Akifika Badjanani, mtaa wenu huko Moroni, aisome kwa sauti pale dukani mnapokaa jioni, ninyi vijana wa Mutsamudu mliotawanyika huko. Kila mmoja wenu ameacha kizee nyuma yake. Asiye na koko duniani, asiye na bibi wa kumkemea, huyo na aende zake akanywe kahawa.

Nina jambo nataka kukuuliza, Bakari. Limenivuruga hata ninasimama jikoni na mwiko mkononi nisijue nilikuwa nakoroga nini. Sijui hata nianzie wapi. Nianzie kwenye langilangi.

Unakumbuka langilangi? Tulikuwa tukitoka giza halijakatika vizuri, kwa sababu ua lile likipigwa na jua harufu yake inakimbia, na kampuni ya manukato haikutaka ua lililokimbiwa. Mama yako, binti yangu, alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki, nawe hukuwa na pa kubaki ila mgongoni mwangu. Ulipozidi uzito nikakushusha. Ukawa unakaa kwenye shina, matawi yamekunjwa chini ili mikono yetu iyafikie, na maua ya manjano yanakuangukia kichwani. Siku moja ukaniuliza kwa sauti ya mtu mzima, "Koko, mbona tunanukia kama maharusi na tumbo langu linalia?"

Nilicheka. Bi Zalihata, jirani yetu wa ukuta mmoja, yule aliyekuwa akikuwekea ukoko wa wali, alikuwa kwenye mti wa pili. Alicheka hata akakaa chini. Nikakujibu, "Tumbo halina pua, mume wangu." Ndipo akatokea mnyapara Saidi na bakora yake: "Wanawake! Mnalipwa kwa maua au kwa meno?" Wewe ukamtazama usoni ukamwambia, "Kwa yote mawili hawalipwi." Bakora ilikukosa kidogo tu. Siku hiyo ndiyo niliyosema huyu mtoto ataenda shule hata watu wanicheke, na walinicheka, na ulienda.

Basi jua kwamba mnyapara Saidi sasa anapata pensheni. Kila mwezi anashuka kuichukua, anavaa kanzu safi, anarudi akipitia njia ndefu ili aonekane. Jina lake lilikuwa katika vitabu vya kampuni. Yetu sisi hayakuwa popote. Kikapu kilipimwa, mwenye kikapu akaambiwa aende, na siku migongo ilipokataa kuinama hakuna aliyetuuliza tumekwenda wapi. Sisi tulichuma, yeye alishika bakora, na leo bakora inakula pensheni. Fundi anasema neno hili ni kali. Liandike, fundi.

Ile redio uliyoniletea ndiyo iliyoleta fujo hii. Tulikuwa tumekaa, mimi na Zalihata, tunamenya shelisheli, mara mwanamke wa redio akasema kwamba malipo ya wazee sasa hayatakuwa ya waliofanya kazi serikalini tu, wala ya askari waliopigana vita vya Wafaransa. Yatapanuliwa, yatawafikia hata wazee maskini ambao hawakuandikwa katika kitabu chochote. Zalihata akaacha kumenya. Akaniuliza, "Huyo mwanamke anatujua?" Nikamwambia asikilize. Siku zile zile betri zikaisha, na redio yako imenuna mpaka leo kama mkwe aliyenyimwa haki yake. Ukituma redio, mjukuu wangu, tuma na betri. Lakini hilo si neno nililokusudia.

Neno ni hili. Alikuja bwana kutoka Moroni, ametoka katika ofisi hizo hizo za serikali unakofanya kazi wewe. Kijana wa Ikoni, huko huko Ngazija, ana mkoba, ana tai, jasho linamtiririka, adabu anayo. Akaweka meza uwanjani, pale mbele ya msikiti, tukaitwa sisi wanawake wazee mmoja mmoja, na wanaume wote wamejaa vibarazani kama wanaotazama ngoma. Nilitaka kumuuliza hali yako. Nikaona haya. Mimi nimuulize mtu baki hali ya mjukuu niliyembeba mgongoni?

Swali la kwanza lilikuwa nyumba. "Nyumba unayokaa ni ya nani?" Kila mwanamke akajibu kwa kiburi chake, "Yangu!" Ingekuwa ya nani? Kwetu mwanamke ndiye mwenye nyumba, mwanamume huja na roho yake na nguo zake. Yule bwana akaandika, akaandika, akawa anatikisa kichwa. Akasema, "Najua, mama zangu, hata kwetu Ikoni ni hivyo hivyo. Lakini swali limeulizwa Kifaransa. Mwenye nyumba kwao ni tajiri." Mnyapara Saidi akapiga kelele kutoka kibarazani, "Basi maskini ni mimi! Sina hata mlango!" Watu wakacheka. Nami nikamjibu, "Kweli huna, na mkeo anakuhesabia siku." Wakacheka zaidi. Mpaka hapo nilikuwa bado nina akili zangu.

Swali la pili ndilo lililonimaliza. "Una mtu wa kukutunza?"

Usifikiri tulishtukizwa. Tulikwisha kuambiwa kwamba litaulizwa, na kwamba mwenye mtu hatapewa pesa, na tulilizungumza mtoni tukifua. Tulipatana. Atakayeulizwa ajibu "sina," basi, neno moja, arudi akae. Zalihata alilirudia njia nzima, sina, sina, kama anayehifadhi sura. Na kweli, nani kati yetu anaye? Wengine watoto wao wako Madagaska hata majina ya wajukuu hawayajui. Wengine wanashinda kwa ndizi mbichi ya kuchemsha, jioni wanakunywa yale maji yake.

Akaitwa wa kwanza. Akasimama, akajifunika shiromani vizuri, akatazama vibarazani. Kaka yake amekaa pale, na wapwa zake, na mjomba wake kipofu. Akaulizwa. Akasema, "Ninao, alhamdulillah, Mungu awaweke."

Nikamfinya wa pili. Naye akaenda akasema, "Ninao." Wa tatu ni yule wa ndizi mbichi. Unajua alisema nini? "Ninao wengi, hata wananichosha."

Usicheke, Bakari. Ungefanyaje? Mwanamke wa Mutsamudu asimame mbele ya wajomba zake aseme hana mtu? Ni kama kuwaambia wote mmekufa, au mko hai na hamfai. Afadhali avue shiromani pale pale. Neno lenyewe lilikuwa jepesi mtoni. Uwanjani likawa jiwe. Hivyo mji mzima wa wenye njaa ukapita mbele ya meza ile na adabu zake, kila mmoja anao, kila mmoja ametunzwa, na yule bwana wa Ikoni anaandika na uso wake unazidi kusinyaa.

Akaitwa Zalihata. Huyu hana ndugu aliye hai, hakuzaa, mume alimzika zamani. Macho yake sasa yanaona vivuli tu, mimi ndiye ninayemshika mkono kwenda kisimani. Nikasema huyu hawezi kukosea, huyu hana wa kumvunjia heshima. Akaulizwa, una mtu wa kukutunza?

Akasema, "Ninaye. Huyu hapa." Akanyoosha kidole akanielekezea mimi.

Mimi! Ninayegawana naye shelisheli moja, siku nyingine nusu ya shelisheli! Nilitaka kumrukia. Nilitaka na kulia, na sikujua kipi kitangulie. Maana kama angesema "sina" mbele yangu, ningeudhika, wallahi ningeudhika mpaka kaburini. Na aliposema "ninaye" nikaudhika vilevile. Niambie wewe uliyesoma, huo ni uzima wa kichwa?

Ndipo nikaitwa mimi. Wanawake wote wakanitazama, "Wewe una mdomo. Sema wewe, nasi tutasema." Nikasimama. Swali likaja. Nami nikakuona wewe, si wa sasa, wa pale kwenye shina na maua kichwani. Nikisema "sina," nimekuzika mbele ya wajomba zako, na nimemfanya Zalihata mwongo, kwamba anatunzwa na asiye na wa kumtunza. Nikisema "ninaye," bwana yule ataniuliza nani, nitajibu Bakari, wa ofisini kwenu, na atatazama kanga yangu ilivyochakaa atajua. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema, "Ngoja nikamuulize mwenyewe."

Akasema, "Mwenyewe yupi, mama?"

"Yuko," nikasema. "Au hayuko. Ndilo ninalotaka kumuuliza."

Uwanja ukaangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliweka kalamu chini, akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini ili wanaume wasisikie, "Koko, nitarudi baada ya mfungo. Nitafutie jibu. Nikienda Moroni na mji ambao kila mzee ana mtu, wakubwa watasema Mutsamudu hakuna maskini, na habari itaishia hapo. Akisema mmoja tu kwamba hana, wengine watapata njia." Aliniita koko. Mtoto wa watu wa Ikoni aliniita koko, na wewe sijasikia neno hilo kutoka kinywani mwako tangu lini.

Tangu siku ile nageuza na kugeuza. Sielewi hata hii pesa ni kitu gani. Kama ni zaka, zaka ina mlango wake. Jirani anajua bila kuuliza, analeta akiwa amefunika na kitambaa, anaondoka upesi usije ukamshukuru. Kama ni malipo ya maua yetu, mbona wanauliza habari za jamaa? Mnyapara Saidi hakuulizwa kama ana mtu. Ana wake wawili na wana watano na anapewa! Walimwuliza alifanya kazi gani, basi. Mimi nikaulizwa ninapendwa kiasi gani. Nimemuuliza fundi, naye hajui. Anasema pengine Wafaransa wenyewe wataondoka, bendera itashushwa, na atakayekuja ataanza upya kuuliza. Sawa, lakini njaa ya Zalihata haitaondoka na bendera.

Halafu nakumbuka Moroni, na hapo ndipo ninapopotea kabisa.

Ile safari yangu moja. Nilitapika njia nzima, nikafika mweupe kama muhogo uliomenywa. Ukanipokea, ukanishika mkono katika vichochoro vya Badjanani, vyembamba kama vyetu lakini watu wake wanasema mbio mbio kama wanafukuzwa. Nikamuuliza mwuza samaki bei kwa lugha yetu, akawageukia wenzake, "Huyu mama anasema au anaimba?" Wewe ukasimama mbele yangu na shati lako jeupe la ofisini, ukasema, "Huyu ni koko wangu. Anayemcheka anicheke mimi." Yule mwanamke akaona haya akaongeza samaki wa pili bure. Usiku huo ulinipa kitanda, wewe ukalala mkekani. Kesho yake ukanipeleka ufukweni Itsandra, nikavua makubazi nikatia miguu katika mchanga mweupe, nikakwambia mawe yao meusi yamenichosha lakini mchanga huu wamefanya vizuri. Ukacheka ule mcheko wako wa zamani.

Ukasema pale pale, "Koko, baki. Nitakutunza."

Nami nikasema, "Na nyumba yangu nimwachie nani?"

 Ukaokota kijiti ukawa unachorachora mchanga. Hukulirudia, nami sikukuuliza, tukarudi mjini tukapika tukala. Sasa najiuliza, siku ile ni wewe uliyeniacha au ni mimi niliyekukataa? Mwanamke kwetu haiachi nyumba yake akaenda kulala kwa mwanamume, hata awe mjukuu wake, hata ampe kitanda cha dhahabu. Wewe unajua hivyo. Ulipouliza ulijua nitajibu nini. Au hukujua? Labda ulitaka kweli. Labda ulitaka nikatae ili upumue. Nimelipindua hili mpaka limechanika.

Na nasikia unajiwekea akiba ya harusi kubwa huko, na binti wa Kingazija. Sikukatazi. Nitakuja nitapiga vigelegele mpaka meno yaliyobaki yatoke. Lakini utahamia nyumba yake, utakuwa mgeni mlangoni mwa mkeo kama wanaume wote. Mgeni atamtunza nani? Na wale ng'ombe watakaochinjwa siku moja watu wote washibe mpaka walale barabarani, mimi sisemi neno. Nasema tu kwamba Zalihata jana alinusa langilangi ikipita katika vikapu, akaniambia, "Njaa yangu leo inanukia." Alidhani ananichekesha. Nikacheka, nikaenda nyuma ya ukuta.

Usinielewe vibaya. Sikuandikii kuomba. Ningetaka kuomba ningemtuma mtu wa kuomba vizuri kuliko mimi. Wala sikulaani, ulimi wangu ungekauka kwanza. Nakupenda, kijana mjinga wewe, nakupenda kama siku ile ulipomjibu mnyapara. Ila nimekuwa na swali ambalo jibu lake haliko kwangu. Nimelitafuta jikoni, nimelitafuta katika sala, halipo. Liko kwako, na wewe hupo.

Na hata nikikupata sijui naomba jibu lipi. Ukiwa mtu wangu, nitafurahi mimi, na wenzangu wote watabaki na adabu zao na njaa yao, maana nani tena atathubutu? Usipokuwa mtu wangu, Zalihata atapata chakula chake, na mimi nitapata pensheni ya kufiwa na aliye hai. Fundi ameacha kuandika anafuta miwani. Andika, fundi, tunamaliza.

Zalihata anakusalimu. Anasema umekonda, hajui amejuaje. Redio inakusalimu kwa kunyamaza. Mimi nakuombea usiku na mchana, halafu nakutukana, halafu nakuombea tena ili matusi yasikufikie.

Sasa sikiliza utakavyofanya utakapokuja. Njoo baada ya mfungo, siku ile bwana wa Ikoni atakaporudi. Usipitie nyumbani. Usinibusu mkono, maana ukinibusu nitasahau yote nikuulize kama umekula. Shuka, njoo moja kwa moja uwanjani na vumbi lako. Jina langu likiitwa mimi sitafungua mdomo. Simama wewe, mbele ya wajomba zako wote, na akiuliza kama mimi nina mtu, ujibu wewe. Ukisema "anaye," sema na jina, kisha uanze siku hiyo hiyo. Na ukisema "hana," liseme kwa sauti, wanawake walio nyuma yangu wasikie. Halafu njoo unishike mkono unipeleke nyumbani vilevile.

Mimi koko wako, aliyemzaa aliyekuzaa,
Mutsamudu